Kumfuata Walumbe hadi Ttanda: mwongozo wa kutembelea mashimo ya kifo na mti wa Nakayima

Wageni wangu kutoka Mombasa na Tanga wakiniomba niwapeleke mahali pa kutisha hapa Uganda, siwapeleki kwenye jumba lenye taa nyekundu na vijana waliojipaka rangi. Huko Marekani na Uingereza watu hulipa kiingilio kuingia nyumba za namna hiyo, chumba hadi chumba, hadithi ikiwasukuma mbele mpaka mlango wa mwisho. Sisi tuna Ttanda, katika wilaya ya Mityana. Huko hakuna anayekurukia kutoka gizani. Kuna miti, mashimo yanayoshuka ardhini, mtunzaji anayetangulia mbele yako, na hadithi ya jinsi kifo kilivyoingia duniani. Ukiijua hadithi, kila shimo unalolipita linakulemea. Usipoijua utaona mashimo tu, na jioni utarudi Kampala ukihesabu nauli uliyoitupa.

Nimeshapeleka watu wa kila aina, na nimekosea vya kutosha kujua kinachoharibu safari hii. Karibu kila mara ni jambo moja: kelele. Utaona mbele kwa nini.

Anza na hadithi, wiki nzima kabla

Waganda, yaani watu wa Buganda, husimulia kwamba Kintu alikuwa mtu wa kwanza, akiishi peke yake na ng'ombe wake. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, akamwona akampenda. Ndugu zake Nambi wakamchukua yule ng'ombe, naye Kintu akapanda mbinguni kumfuata. Ggulu akampa mitihani: ale chakula cha watu mia, apasue mwamba upate kuwa kuni, ajaze mtungi kwa maji ya umande, amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi. Kintu akashinda yote, akaozwa.

Sikiliza vizuri sehemu inayofuata, maana ndiyo inayokupeleka Ttanda. Ggulu aliwaonya: ondokeni mapema, Walumbe asiwaone, na mkisahau kitu msirudi. Walumbe ni kaka yake Nambi, na ndiye kifo. Wakaondoka. Njiani Nambi akakumbuka ulezi, ile nafaka ya kuwalisha kuku wake. Kintu akamsihi, hakusikia, akarudi kuuchukua. Walumbe akamwona, akafuata nyayo zake mpaka duniani.

Walikaa, wakazaa. Siku moja Walumbe akaomba mtoto mmoja amsaidie kupika. Kintu akamnyima. Tangu hapo watoto wakaanza kufa mmoja mmoja. Kintu akalia kwa mkwewe, na Ggulu akamtuma mwanawe mwingine, Kayikuuzi, ambaye jina lake lina maana ya mchimbuaji, amkamate nduguye amrudishe. Walumbe akakimbilia ardhini. Kayikuuzi akachimba, Walumbe akazama mbele zaidi, naye akachimba tena. Ndiyo mashimo utakayoyaona.

Mwishowe Kayikuuzi akatoa amri: watu wote wakae ndani, watoto wasiende kuchunga, na atakayemwona Walumbe asipige yowe. Walumbe akachomoza Ttanda. Watoto waliokuwa nje na mbuzi wakamwona, wakapiga yowe. Akarudi chini. Kayikuuzi akasema amechoka, akarejea kwa baba yake. Na Kintu akasema: basi Walumbe na aue, lakini hatawamaliza watoto wa Nambi, kwa sababu Nambi hataacha kuzaa.

Mwombe mtu mzima wa Buganda akusimulie kwa mdomo wake kabla hujaondoka. Dereva wako, mama mwenye nyumba, fundi wako wa viatu, yeyote. Kila mmoja ataisimulia tofauti kidogo, na huko Ttanda mtunzaji ana yake. Usimsahihishe. Sikiliza pia maneno yenyewe, kwa kuwa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati: anachokiita *omuzimu* ni mzimu wetu huyuhuyu, *emagombe* ni kuzimu, na *olumbe*, neno lililomo ndani ya jina Walumbe, ni maradhi yanayoua na pia msiba wenyewe. Hata usipojua Kiluganda, masikio yako yatashika zaidi ya unavyotarajia.

Chagua siku, na usibane safari mbili katika siku moja

Epuka Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, miezi ya mvua. Si kwa sababu ya kulowa. Udongo mwekundu ukishiba maji unateleza kama sabuni, na ukingo wa shimo hauna huruma na mtu anayeteleza. Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari, ardhi ni ngumu na majani ni machache. Nenda katikati ya wiki. Wikiendi huja watu wengi wenye haja zao za ibada, na wao ndio wenyeji wa mahali pale, wewe ni mpita njia.

Wengi hutaka kuunganisha Ttanda na mti wa ibada wa Nakayima ulioko Mubende, kwa kuwa vyote viko upande wa barabara ya Fort Portal. Ni wazo zuri, ila siyo kwa siku moja. Mubende iko yapata kilomita 150 kutoka Kampala. Ukienda mbio utafika Ttanda ukiwa na haraka, na haraka ni ndugu wa kelele. Ondoka Kampala saa 12 asubuhi, maliza Ttanda kabla ya saa 8 mchana, ulale Mubende, mti uuone asubuhi ya pili. Usiingie Ttanda jua likiwa limeanza kuinama, hata mtu akikuambia usiku ndiyo raha yenyewe. Mashimo mengine yamezungukwa na majani tu.

Mfukoni na mwilini

Viatu vya kufunika mguu, vyenye meno chini, lakini vinavyovuliwa upesi, kwa maana utavivua kwenye kila sabo, yaani kibanda cha ibada. Suruali ndefu au gauni refu. Wanawake wachukue leso hata kama wamevaa suruali, waifunge juu yake wakifika. Katika maeneo ya mila ya Buganda jambo hili huangaliwa, na leso yetu ya pwani inapokelewa vizuri sana. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Tochi ndogo, si ya kumulika ndani ya mashimo bali ya kuonea pa kukanyaga ndani ya vibanda vya nyasi.

Fedha zigawe kabla ya kutoka: noti za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000, pamoja na sarafu kiasi. Ukitoa noti ya 50,000 mbele ya sabo umeshajiletea mazungumzo marefu.

Acha nyumbani manukato makali, spika ya muziki na droni.

Njiani

Takisi za Mityana, hizi za abiria 14, hutoka katikati ya Kampala. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka njia ya Ttanda, umkumbushe tena mkipita Bujuuko, kwa kuwa akiwa na abiria wa kwenda mwisho wa safari atakusahau. Kutoka barabara kuu unachukua boda. Patana bei ya kwenda na kurudi, na umwombe dereva akusubiri, umlipe nusu mkifika na nusu mkirudi barabarani. Hiki ni kitu kidogo lakini nimewahi kutembea na mzee wa miaka 60 juani kwa sababu boda yetu ilikwenda kutafuta abiria wengine.

Kunywa chai kabla ya kufika. Hadithi ya kifo haisikilizwi vizuri na tumbo tupu.

Mlangoni: lugha, heshima na pesa

Hapa niseme wazi jambo ambalo wageni kutoka pwani hawalijui. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika katiba tangu mwaka 2005, lakini kwa wazee wengi wa Buganda bado kina harufu ya kambi. Walikisikia kwa askari, nyakati ambazo askari alikuwa mtu wa kuogopwa. Mimi nimezaliwa na kukulia kota za polisi, Kiswahili ndicho cha mama yangu, na linaniuma, lakini silikatai. Kwa hiyo usianze na "Habari yako mzee" kwa sauti ya juu. Anza na "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume au "Oli otya, nnyabo" kwa mwanamke, punguza urefu wako, inama kidogo. Mzee sana mwite jjajja. Sema "Nsaba olukusa", naomba ruhusa. Ukishapokelewa, uliza kwa upole kama yupo anayejua Kiswahili, na mara nyingi yupo. Nimeona uso wa mtunzaji ukibadilika kabisa pale mama mmoja wa Lamu alipomsalimu kwa Kiluganda chake cha kubahatisha, halafu akamweleza kwamba kwao Kiswahili ni lugha ya bibi zake, na mashairi, na harusi. Siku hiyo tuliongozwa kwa muda wa karibu saa tatu nzima.

Kisha pesa. Uliza maswali matatu, moja baada ya jingine, mkiwa bado nje: kiingilio ni kiasi gani, mwongozaji analipwa kiasi gani, na picha zinalipiwa au zimekatazwa. Sadaka kwenye sabo ni jambo jingine kabisa, na ni ya hiari. Akitokea mtu, ambaye kwa kawaida siye mtunzaji, akakuambia anakuona una nuksi inayohitaji kusafishwa kwa laki kadhaa, mshukuru, mwambie umekuja kusikiliza hadithi, urudi upande wa mwongozaji wako. Usibishane naye. Usicheke.

Huenda pia ukaambiwa masharti ya mwili, kwa mfano kwamba mwanamke aliye katika siku zake asikaribie sehemu fulani. Yakubali au baki nje. Wengine hukasirika, na nawaelewa, lakini pale mlangoni si mahali pa mjadala huo.

Kati ya mashimo

Watunzaji hutaja mashimo zaidi ya 200. Huonyeshwi yote, na usitake yote.

Tembeeni mstari mmoja, mguu wako pale alipokanyaga aliye mbele yako. Anayeogopa zaidi asiwekwe mwisho. Mwekeni wa pili, nyuma ya mwongozaji. Mwenye mguu imara ndiye afunge mstari. Simameni hatua mbili kamili kutoka ukingoni. Ukitaka kuchungulia, piga goti kwanza, shika mkono wa mtu, halafu ndipo upeleke kichwa mbele. Nasema hivi kwa sababu safari yangu ya pili nilisimama juu ya kitu nilichodhani ni nyasi, guu likazama hadi kwenye goti, na nilichokuwa nimekanyaga ni majani makavu yaliyolala juu ya mdomo wa ufa. Mwongozaji alinivuta kwa mkanda wa suruali bila kusema neno.

Na hapo ndipo penyewe. Ukipiga goti, macho yako yanachukua muda kuzoea. Kwanza unaona weusi. Halafu unaona ukuta wa shimo, wa mviringo, ulionyooka kuliko unavyotegemea, na mizizi midogo kama nywele imetokeza pembeni, na kwenye ncha ya kila mzizi tone la maji. Hewa inayotoka ni ya baridi na ina harufu ya udongo uliofunguliwa sasa hivi, harufu anayoijua kila mtu aliyewahi kusimama makaburini. Hakuna anayekuambia uogope. Usiseme kitu. Hesabu pumzi ishirini.

Wapo wanaoyaona mashimo haya kama machimbo ya watu wa kale, na unaweza kuyawaza hayo baadaye ukiwa kwenye takisi. Ukiwa pale, acha mtunzaji aendelee. Muulize maswali yanayofungua: Walumbe aliingilia upande gani? Watoto waliokuwa na mbuzi walisimama wapi? Swali la "Kweli unaamini?" linaifunga hadithi papo hapo, na haitafunguka tena siku hiyo.

Sasa kuhusu kelele. Katika hadithi, amri mojawapo ilikuwa watu wanyamaze, na yowe ndilo lililomrudisha Walumbe ardhini. Ukiwa na wageni wanaocheka, wanaoitana majina, wanaorusha mawe kusikiliza kina, mnarudia kosa lilelile katika uwanja uleule. Nilipeleka kundi la vijana sita ambao hawakuisikia hadithi kabla. Walipiga kelele za kutishana kwenye shimo la tatu. Mtunzaji alinyamaza, akatuongoza kwa kidole tu mpaka mwisho, na hakusimulia tena. Nilirudi peke yangu wiki mbili baadaye kumwomba radhi. Tangu siku hiyo nawaambia watu kabla hatujashuka kwenye boda: simu kimya, flashi zimezimwa, mtu akishtuka amshike mwenzake mkono, asipaze sauti. Mkitii, mtayasikia mambo ambayo kundi lile halikuyasikia. Siku moja, katika kimya hicho, mbuzi alilia ng'ambo ya miti. Mbuzi wa kawaida wa mtu wa kijijini. Wote tulisimama.

Sabo, na dini yako

Kwenye vibanda vya ibada utaona moto, mikuki, vikapu vya sarafu, punje za kahawa, na nguo ya magome ya mti wa mutuba, lubugo, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Wenyeji hukaa chini, huomba, huacha kahawa na sarafu. Yeyote aliyeingia mapango ya Amboni kule Tanga na kuona watu wakitambika hatashangaa sana.

Mimi ni Mwislamu. Navua viatu, naketi nilipoonyeshwa, nasikiliza, na sitambiki. Sijawahi kulazimishwa. Mwambie mwongozaji nje, kabla ya kuingia, kwamba dini yako haikuruhusu kutoa sadaka au kupiga magoti, naye atakuweka pembeni kwa heshima. Ukingoja uambiwe "weka sarafu" mbele ya watu ndipo ukatae, umewaaibisha nyote wawili. Na kama dhamiri yako haiwezi hata kuketi mle ndani, kaa nje chini ya mti. Mashimo yanatosha.

Nani asiende

Watoto wa chini ya miaka kumi, kwa sababu ya kingo. Mtu asiye na uhakika na miguu yake. Na mwenye msiba mbichi, labda. Nasema labda kwa sababu dada mmoja kutoka Tanga alikuja miezi minne baada ya kumzika mama yake, sikujua, na hadithi ilipofika Kintu akilia kwa mkwewe alikaa chini akalia naye. Nilidhani nimemwumiza. Mtunzaji, mwanamke wa makamo, aliketi kando yake, akamshika kiganja, akairudia ile kauli ya mwisho ya Kintu mara mbili, polepole, ili nipate kuitafsiri. Yule dada bado hunipigia simu. Lakini muulize mwenzako kabla, usimwache agundue akiwa ukingoni.

Mubende: nyumba yenye vyumba vya mizizi

Kutoka Mityana mnaendelea magharibi, mkiliacha ziwa Wamala upande wenu wa kushoto. Ziwa hilo lina jina la mfalme wa Bachwezi, ukoo ule wa watawala wa kale ambao hadithi husema walitoweka tu.

Mti wa Nakayima uko juu ya kilima nje ya mji wa Mubende, boda inakufikisha. Una urefu wa mita 40 hivi, na mizizi yake imeinuka kama kuta, ikiacha nafasi kama vyumba. Kila chumba kina mzimu wake: huyu Mukasa wa ziwani, yule Kiwanuka wa radi. Nakayima anasimuliwa kuwa mke wa Ndahura, Mchwezi anayehusishwa na ndui, na walioshika cheo chake baada yake waliendelea kuitwa kwa jina hilohilo. Vua viatu kabla ya kukanyaga eneo la mizizi, zunguka upande utakaoonyeshwa, na usiingie chumba chenye mtu anayeomba, hata kama mwongozaji anakuashiria kwa mkono. Subiri atoke.

Hapa hofu ni nyepesi kuliko Ttanda, na upepo wa kilimani ni mzuri. Nusu ya asubuhi inatosha.

Kuondoka

Mshukuru aliyekuongoza kwa mikono miwili, "Weebale nnyo", na umlipe ujira wake yeye mwenyewe mkononi, mbali na kiingilio. Usibebe kitu: jiwe, jani, unyoya, punje. Kunguteni viatu na mikunjo ya nguo kabla ya kupanda boda. Mama yule wa Lamu alifungua leso yake tulipofika barabarani, ikadondoka punje moja ya kahawa iliyokuwa imenasa kwenye pindo. Takisi ya Kampala ilikuwa imesimama mbele yetu, nafasi mbili. Tuliiacha ikaenda, tukamwita yule wa boda, tukairudisha.